Chembe Zisizoingia Kwenye Orodha

Mto Tana unapofika Balambala umekwisha kuiacha milima nyuma yake. Hapa ni nchi tambarare ya Garissa, nchi ya ngamia na mbuzi, ya migunga na vumbi, yenye ukanda mwembamba wa mashamba ya maembe, ndizi na matikiti kando ya maji. Mstari wa ikweta uko jirani. Mtu akikunjua kiganja chake hapo, awe kivulini au juani, chembe moja hivi hukipenya kila sekunde bila yeye kuhisi lolote. Chembe hizo huitwa muoni. Zimezaliwa kilomita nyingi juu ya mto, pale protoni iliyosafiri kutoka mbali angani ilipogonga kiini cha naitrojeni au cha oksijeni na kukisambaratisha.

Mara chache sana mgongano wa namna hiyo huzaa kitu kizito zaidi: kwaki iitwayo chamu pamoja na antikwaki yake. Wawili hao wakishikamana huunda familia ya chembe ambazo wanafizikia huziita chamoniamu. Ndani ya familia hiyo, tangu mwaka 2003, wamejitokeza jamaa wa ajabu ambao hakuna aliyeweza kuwapangia nafasi katika ukoo. Wana masi ambayo hesabu haikuitabiri, huvunjika kwa njia wasizostahili kuvunjika kwazo, na baadhi yao wana chaji ya umeme ambayo chamoniamu ya kweli haiwezi kuwa nayo.

Habari za chembe hizi husimuliwa kama historia ya mashine kubwa za Geneva, Beijing, California na Japani. Ni kweli, lakini ni nusu yake. Kazi ya kusaka chembe ilianza kwa kutazama juu, na mojawapo ya vituo vyake vya mwanzo kilikuwa katika upande huu wa Afrika.

Tarehe 7 Agosti 1912 Mwaustria Victor Hess alipanda kwa puto hadi zaidi ya mita 5,000 akiwa na vifaa vya kupima mionzi. Wengi waliamini kwamba mionzi hutoka ardhini, kwa hiyo ilipaswa kupungua kadiri puto linavyopaa. Iliongezeka. Kulikuwa na kitu kinachoshuka kutoka nje ya dunia. Miaka 15 baadaye Mholanzi Jacob Clay, aliyekuwa akisafiri kwa meli kati ya Java na Ulaya, aliona kwamba vipimo vyake hushuka meli inapokaribia ikweta. Sababu yake ni usumaku wa dunia. Chembe yenye chaji ikifika karibu na dunia hupindishwa, na huku kwetu ikweta kizuizi hicho ni kikali kuliko kwingineko: chembe dhaifu hurudishwa angani, zenye nguvu nyingi pekee ndizo hupita.

Hapo ndipo anapoingia Bruno Rossi, kijana wa Kiitalia aliyezaliwa mwaka 1905. Mwaka 1930 Rossi alibuni sakiti ya valvu za redio iliyoweza kutambua kama vihesabio viwili au vitatu vimepigwa kwa wakati mmoja. Kwa kupanga vihesabio hivyo katika mstari, aliweza kujua chembe imetoka upande gani wa anga. Mwaka huohuo alitoa utabiri uliokuwa rahisi kuupima: kama miale hii ni chembe zenye chaji chanya, basi karibu na ikweta nyingi zitaonekana kutoka magharibi kuliko mashariki; kama ni hasi, itakuwa kinyume.

Kulijaribu jambo hilo Italia kulikuwa kugumu, maana nchi hiyo iko mbali na ikweta. Rossi akatafuta mahali palipo karibu zaidi na ikweta na palipo juu kutoka usawa wa bahari. Akachagua Asmara, mji mkuu wa Eritrea iliyokuwa koloni la Italia, ulioketi zaidi ya mita 2,300 juu ya Bahari ya Shamu. Mwaka 1933 alifika huko pamoja na Sergio De Benedetti, wakasimika vihesabio vyao, wakavielekeza magharibi, kisha mashariki, usiku na mchana. Hesabu za magharibi zilizidi. Miale ya anga za juu, kwa sehemu yake kubwa, ilikuwa chembe zenye chaji chanya. Leo tunazijua: ni protoni na viini vya atomu.

Rossi alipata huzuni moja. Watafiti kutoka Marekani waliokuwa wamepanda milima ya Mexico walitangaza matokeo yaleyale miezi michache kabla yake. Hata hivyo Asmara ilimpa kitu ambacho Mexico haikutoa. Alipokuwa akivikagua vifaa vyake, alitenganisha vihesabio ili aone ni mara ngapi vingepigwa pamoja kwa bahati tu. Vilipigwa pamoja mara nyingi kuliko bahati inavyoruhusu. Ilionekana kana kwamba makundi mapana ya chembe yalikuwa yakitua kwa pamoja juu ya mji. Rossi aliliandika jambo hilo katika ripoti yake na hakupata wasaa wa kulifuatilia. Mfaransa Pierre Auger alilichunguza kwa kina mwaka 1938, na jina lake ndilo lililobaki vitabuni. Lakini kidokezo cha kwanza kwamba chembe moja yenye nguvu kubwa hugeuka kuwa jeshi zima la chembe angani kilipatikana kwenye nyanda za juu za Eritrea, na hilo linastahili kufundishwa katika kila darasa la fizikia kuanzia Asmara hadi Mtwara.

Mwaka huohuo wa 1938 sheria za ubaguzi wa rangi za Mussolini zilimfukuza Rossi kazini kwa sababu alikuwa Myahudi. Alipitia Denmark na Uingereza, akaishia Marekani. Huko, mwaka 1959, aliishawishi kampuni moja ya utafiti ianze kutafuta miale ya eksirei inayotoka kwenye nyota. Aliyeibeba kazi hiyo ni Mwitalia mwenzake Riccardo Giacconi, na safari yake ilimleta Kenya. Tarehe 12 Desemba 1970, katika jukwaa la San Marco lililosimikwa baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya eksirei za angani. Kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake, setilaiti iliitwa Uhuru. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339. Giacconi alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Ghuba ya Ungwana, ambamo jukwaa lile limesimama, ndiyo ghuba inayopokea maji ya Tana baada ya kupita Balambala na Garissa na Hola.

Wakati huo kazi ya kusaka chembe ilikuwa imehamia kwa sehemu kubwa kwenye mashine. Miaka ya 1950 na 1960 mitambo ya kuzipa protoni kasi ilizalisha chembe mpya kwa makumi, hata wanafizikia wakaanza kuchoka na wingi wake. Chembe zote zinazotii nguvu kali ya kiini ziliitwa hadroni, na hakuna aliyejua kwa nini ziko nyingi hivyo. Mwaka 1964 Murray Gell-Mann na George Zweig, kila mmoja kwa njia yake, walipendekeza kwamba hadroni zimejengwa kwa vipande vidogo zaidi, ambavyo Gell-Mann aliviita kwaki. Kwaki tatu hufanya protoni na jamaa zake. Kwaki moja na antikwaki moja hufanya mesoni. Kwa kanuni hizo mbili karibu orodha yote ilipangika.

Makala ya Gell-Mann ilikuwa na kurasa mbili tu hivi, na ndani yake aliandika jambo ambalo wengi walilisoma na kulipita: kwamba kanuni hizo haziwazuii kwaki wawili na antikwaki wawili kukaa pamoja, wala kwaki wanne na antikwaki mmoja. Chembe hizo za ziada ziliruhusiwa tangu siku ya kwanza. Ila kwa takriban miaka 40 hakuna hata moja iliyoonekana bila shaka, na kimya hicho kikageuka kuwa desturi ya kusema kwamba hazipo.

Mwaka 1970 Sheldon Glashow, John Iliopoulos na Luciano Maiani walionyesha kwamba hesabu za nguvu hafifu ya kiini zinadai kuwepo kwa kwaki ya nne, chamu. Jina lilikuwa limependekezwa tayari. Chembe yenyewe ndiyo ilikosekana. Na hapa anga ilitangulia mashine kwa mara nyingine. Kiyoshi Niu na wenzake wa Japani walipakia ndani ya ndege ya mizigo tabaka za kemikali ya picha zinazoacha alama chembe inapopita, wakaiacha ndege iende na kurudi na bidhaa zake juu mawinguni. Walipozisafisha tabaka hizo waliona tukio moja lililotokana na miale ya anga za juu, ambamo chembe mbili zilizaliwa pamoja, zikaenda umbali mfupi, kisha kila moja ikavunjika. Masi na muda wa uhai wake havikulingana na chembe yoyote iliyojulikana. Walichapisha mwaka 1971. Wanafizikia wa Nagoya walitambua upesi kwamba huenda hiyo ndiyo kwaki ya nne. Ulaya na Marekani hawakujali sana.

Waliamka Novemba 1974. Samuel Ting alikuwa Brookhaven, karibu na New York, akirusha protoni kwenye shabaha ya beriliamu na kuhesabu elektroni na positroni zilizotoka. Burton Richter alikuwa Stanford, California, akigonganisha elektroni na positroni moja kwa moja. Wote wawili waliona kilele chembamba kilichosimama wima mahali pamoja, kwenye masi ya MeV 3,097, yaani zaidi ya mara tatu ya masi ya protoni. MeV ni kipimo ambacho wanafizikia hukitumia kwa masi na nguvu pia. Protoni ina 938. Tarehe 11 Novemba walikutana Stanford na kutangaza pamoja. Ting aliita chembe yake J, Richter akaiita psi, na kwa kuwa hakuna aliyekubali kuacha, hadi leo inaitwa J/psi. Siku kumi baadaye Stanford walipata ya pili. Tuzo ya Nobel ilifuata mwaka 1976.

Kilichowashangaza watu si uzito wake tu, bali maisha yake marefu. Hadroni nzito kiasi hicho ilitarajiwa kuvunjika mara elfu moja hivi upesi zaidi. J/psi ilidumu kwa sababu kwaki ya chamu na antikwaki yake haziwezi kuachana kirahisi: ili zitengane, kila moja lazima ipate mwenzi mpya mwepesi na kuwa mesoni iitwayo D, na mesoni mbili za D zinahitaji angalau MeV 3,730. J/psi haina nguvu hiyo. Imefungiwa, nayo hulazimika kusubiri njia nyingine, za polepole.

Kwa mwanafizikia hiyo ilikuwa neema. Mbele yake palikuwa na vitu viwili vizito vinavyozungukana taratibu, mfumo unaokumbusha atomu ya haidrojeni, ambao ngazi zake za nguvu ziliweza kukokotolewa. Kundi la Chuo Kikuu cha Cornell liliandika kanuni fupi ya nguvu inayowashika wawili hao: karibu karibu inafanana na nguvu ya umeme, mbali mbali haipungui hata wakivutana vipi. Kwa kanuni hiyo walitabiri chembe ambazo zilikuwa bado hazijaonekana, na zikaonekana moja baada ya nyingine, karibu na pale walipozielekeza. Kwa zaidi ya robo karne chamoniamu ilikuwa somo lililokamilika. Mwalimu angeweza kulifundisha kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kuacha swali mezani.

Swali lilikuja kutoka Tsukuba, Japani. Huko jaribio la Belle lilikuwa likizalisha mesoni nzito za B kwa mamilioni kwa lengo jingine kabisa: kuelewa kwa nini maada imezidi antimaada. Mwaka 2003 Sookyung Choi, Stephen Olsen na wenzao walipekua takwimu za jozi milioni 152 za mesoni za B wakitafuta J/psi iliyoandamana na mesoni mbili nyepesi ziitwazo pioni. Kwenye masi ya MeV 3,872 walikuta rundo dogo la matukio, 35 hivi, yaliyosimama mahali ambapo hesabu za Cornell hazikuweka kitu. Hawakujua waiite nini, wakaiita X(3872).

Kwa kawaida rundo la matukio 35 huyeyuka takwimu zikiongezeka. Hili lilikua. Maabara ya Fermilab, karibu na Chicago, ililiona kwa majaribio mawili tofauti, Stanford wakaliona kwa jaribio lao la BaBar, na baadaye mashine ya LHC ya Geneva ikalizalisha kwa maelfu. Mwaka 2013 kundi la LHCb, mojawapo ya majaribio ya LHC, lilimaliza ubishi kuhusu mzunguko wake wa ndani. X(3872) ilikuwepo, na kila kipimo kipya kiliifanya iwe ngeni zaidi.

Jambo la kwanza ni masi yake. Chukua mesoni ya D isiyo na chaji, ongeza jamaa yake mzito kidogo aitwaye D-nyota, naye asiye na chaji. Jumla ya masi zao ni MeV 3,871.7. X(3872) ina masi hiyohiyo, kwa tofauti isiyofika MeV 0.2. Katika orodha nzima ya hadroni hakuna sadfa ya karibu namna hii. Jambo la pili ni uvunjikaji. Chamoniamu ya kawaida haitofautishi kati ya kwaki nyepesi mbili, ya juu na ya chini, kwa hiyo kuna njia za kuvunjika ambazo karibu zimefungwa kwake. X(3872) hupita kwenye njia hizo zilizofungwa karibu sawasawa na zile zilizo wazi. Kitu fulani ndani yake kinabagua. Na D isiyo na chaji hubeba kwaki ya juu, si ya chini.

Wanafizikia waligawanyika, na mgawanyiko wao unaeleweka vizuri zaidi kwa mtu aliyeona wafugaji wa Garissa wakihama. Akiona watu wanne kwa mbali, anaweza kujiuliza: hawa ni wanne wanaolala ndani ya aqal moja, yaani nyumba ya kuhamishika, au ni familia mbili za watu wawili wawili, kila moja na aqal yake, zilizopiga kambi jirani? Kundi la kwanza la wanafizikia husema X(3872) ni nyumba moja: kwaki wawili na antikwaki wawili, wote wamebanana pamoja. Hiyo ni tetrakwaki. Aliyeitetea kwa nguvu mwaka 2005 ni Luciano Maiani, yuleyule aliyedai kuwepo kwa chamu mwaka 1970, pamoja na Fulvio Piccinini, Antonio Polosa na Veronica Riquer. Kundi la pili husema ni nyumba mbili: D na D-nyota zimeshikana kwa mbali, kama protoni na nyutroni zinavyoshikana ndani ya haidrojeni nzito. Wanaiita molekuli ya hadroni. Wazo hilo lilikuwa kongwe. Mikhail Voloshin na Lev Okun waliliandika huko Muungano wa Kisovieti mwaka 1976, na kwa miaka 27 halikuwa na mfano wa kuonyesha.

Tofauti kati ya nyumba moja na nyumba mbili si ya maneno. Tetrakwaki iliyobanana ingekuwa na ukubwa wa protoni hivi. Molekuli iliyofungwa kwa nguvu ndogo namna ile lazima itanuke, kwa sababu kadiri kifungo kinavyolegea ndivyo wahusika wanavyokaa mbali. Hesabu inatoa umbali wa mara kumi ya protoni au zaidi, mkubwa kuliko kiini kizima cha madini ya risasi, ilhali ndani yake mna mesoni mbili tu. Wapinzani wa molekuli huuliza: kitu kilicholegea kiasi hicho kinawezaje kuzaliwa katikati ya vurugu za LHC, ambako protoni hugongana kwa nguvu kubwa kupita mashine zote, na kutoka salama kwa wingi unaoonekana? Watetezi hujibu kwamba mzaliwa si molekuli yenyewe bali kiini kidogo cha chamoniamu kilichomo ndani yake, ambacho huvaa umbo pana baadaye. Jibu hilo si la ujanja, kwani kanuni za kwanta zinaruhusu chembe moja kuwa mchanganyiko wa hali mbili au tatu, nao wengi leo wanaamini X(3872) ni mchanganyiko. Ugomvi uliobaki ni wa kiasi: ngapi ya hiki na ngapi ya kile.

Wakati ugomvi huo ukiendelea, jamaa wengine walifika. BaBar ilipata Y(4260) mwaka 2005. Belle ilitangaza Z(4430) mwaka 2007, na hiyo ilikuwa habari nzito kuliko zote, kwa kuwa ilikuwa na chaji. Kwaki ya chamu na antikwaki yake hufutana chaji na kubaki sifuri. Chembe iliyo na jozi hiyo na bado ina chaji lazima iwe na kwaki nyingine mbili angalau. Hapakuwa na pa kukimbilia. BaBar walitafuta katika takwimu zao na hawakushawishika, na kwa miaka saba jambo likabaki hivyo, kila upande na hoja zake. Mwaka 2014 LHCb, ikiwa na zaidi ya matukio 25,000 ya aina ileile, iliithibitisha Z(4430) kwa uhakika usioacha mwanya. Mwaka mmoja kabla, Beijing na Tsukuba walikuwa wamepata nyingine yenye chaji, Zc(3900), kila mmoja kwa mashine yake.

Hadhari ya BaBar haikuwa ukaidi. Mwaka 2003, mwaka uleule wa X(3872), jaribio jingine la Japani lilikuwa limetangaza chembe ya kwaki tano, na maabara kadhaa zikadai kuiona; miaka miwili baadaye takwimu bora zaidi za Marekani zilionyesha kwamba haikuwepo. Ndiyo maana LHCb ilipotangaza pentakwaki mbili zenye chamu Julai 2015 ilikuja na ushahidi mzito, na ilipoongeza takwimu mwaka 2019 chembe moja kati ya hizo iligawanyika kuwa mbili zilizokaribiana, na nyingine mpya ikajitokeza. Mwaka 2020 ikaja X(6900), ambayo inaelekea kuwa chamu mbili na antichamu mbili, isiyo na kwaki nyepesi hata moja. Mwaka 2021 ikaja Tcc, yenye chamu mbili zinazokaa na antikwaki mbili nyepesi, nayo masi yake iko chini kidogo tu ya jumla ya D na D-nyota. Hadroni mpya zilizogunduliwa LHC kwa jumla zimepita 70.

Mwaka wa pentakwaki ni mwaka ambao Garissa haitausahau kwa sababu nyingine. Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika chuo kikuu cha mji huo, wengi wao wanafunzi. Kilikuwa chuo kikuu cha umma cha kwanza Kaskazini Mashariki, kimeanzishwa mwaka 2011 kutoka chuo cha walimu. Kilifunguliwa tena Januari 2016 na kikapata hati yake kamili mwaka 2017. Historia ya sayansi ya eneo hili haiwezi kuandikwa bila kuwataja vijana wale, maana sayansi huanza na mtu kuketi darasani salama, na kijana wa Balambala anayetaka kusoma fizikia kwanza anahitaji mwalimu aliyekubali kuja kufundisha huku.

Na milango ya kuingilia kazi hii iko karibu kuliko ilivyokuwa zamani za Rossi. Mwaka 1964, mwaka wa kwaki, Mpakistani Abdus Salam alifungua huko Trieste, Italia, kituo cha fizikia kwa ajili ya wasomi wa nchi maskini ili wasilazimike kuchagua kati ya nchi zao na taaluma yao. Mwaka 2018 tawi la kituo hicho kwa Afrika Mashariki lilianza kazi Kigali. Mji huohuo ulikuwa umepokea mwaka 2016 shule ya fizikia ya Afrika, ambayo tangu 2010 hukusanya wanafunzi wa bara zima kila baada ya miaka miwili hivi na kuwakutanisha na watafiti wa mashine kubwa. CERN, maabara yenye mashine ya LHC, nayo ilifungua hazina yake ya data huria mwaka 2014, na LHCb ikaanza kuweka humo takwimu zake za miaka ya mwanzo mwaka 2022. Mwanafunzi mwenye kompyuta na intaneti ya kutosha anaweza kuichambua migongano halisi. Intaneti ya kutosha ndiyo bado tatizo kando ya Tana, na hilo ni jambo la serikali na bajeti, si la fizikia.

Anga yenyewe haibagui. Protoni nyingi zinazofaulu kupenya kizuizi cha usumaku juu ya ikweta huwa tayari zina nguvu inayotosha, kwa hesabu, kuunda J/psi zikigonga hewa, ingawa bahati ya kutokea ni ndogo mno. Zile zenye nguvu ya kulingana na migongano ya LHC huangukia kila kilomita ya mraba ya dunia kwa mamia kila mwaka, na Balambala imo. X(3872) huzaliwa na kufa katika hewa hiyo bila kifaa cha kuihesabu.

Vifaa vya kuihesabu viko Geneva, Beijing na Tsukuba. Mwaka 2024 LHCb ilipima jinsi X(3872) inavyovunjika kwa kutoa mwanga: ni mara ngapi inaacha J/psi, na ni mara ngapi inaacha jamaa mzito wa J/psi, yule wa pili aliyepatikana Stanford siku kumi baada ya tangazo la 1974. Yule mzito alizidi, kwa uwiano wa takriban 1.7 kwa 1. Hesabu nyingi za molekuli tupu zilikuwa zimetabiri kwamba atakuwa nadra sana, kwa hiyo LHCb waliandika kwamba matokeo yanaelekeza kwenye sehemu kubwa iliyobanana ndani ya chembe hiyo. Lakini miaka kumi hivi kabla ya kipimo hicho, Feng-Kun Guo, Christoph Hanhart na wenzao walikuwa wamekwisha kuandika kwamba uwiano huu hutegemea yanayotokea katika umbali mfupi, na kwamba peke yake hauwezi kutenganisha molekuli na tetrakwaki. Pande zote mbili zinakubaliana juu ya kipimo kinachofuata: umbo kamili la kilele cha X(3872) pale kinapogusa masi ya D na D-nyota, kwa usahihi wa sehemu ndogo ya MeV moja. Belle II, mrithi wa Belle, imekuwa ikikusanya takwimu Tsukuba tangu 2019, na LHCb ilianza kazi mwaka 2022 ikiwa na kigunduzi kilichojengwa upya karibu chote.